Mguu wa Mashine ya Mashua: Usinunue kwa Masikio

(Haya ni maneno aliyoyasema ndugu mmoja, fundi wa reli, mbele ya wanachama na jamaa zao waliokutana Mwingi wakati wa likizo. Tumeyachapa kwa kuwa wengi wameyaomba.)



Nimeombwa niseme juu ya kutengeneza mashine ya mashua, hasa ule mguu wake wa chini unaokaa ndani ya maji. Najua wengine wenu walicheka walipoona tangazo. Mwingi na mashua, wapi na wapi? Hapa kwetu mtu huchimba mchanga wa mto mkavu apate debe moja la maji. Lakini mnajua kwamba mto Tana umezuiwa mara tano ili kupata umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere mwaka 1988. Hilo la Kiambere ni maji yetu. Upande huu ni sisi, upande ule ni ndugu zetu wa Mbeere. Watu wanavua samaki, watu wanavuka na mizigo, na viboko na mamba wako humo humo.

Tena sisi watu wa Mwingi hatuhitaji kufundishwa kwamba maji yanaua. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilisombwa na mto Enziu hapa hapa kwetu, na watu zaidi ya 30 wakafa, wengi wao waimbaji waliokuwa wakienda arusini. Sisemi hayo ili kufungua vidonda. Nasema ili msidhani kwamba habari ya mashua ni mchezo.

Mimi si mtu wa elimu nyingi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaingia karakana ya reli nikiwa kijana, nikajifunza ufiti kwa macho na kwa mikono. Halafu nilikaa miaka kadhaa Kisumu. Huko reli na maji ni ndugu tangu zamani, kwa maana reli ilipofika ziwani mwaka 1901 kazi yake haikuishia ufukoni. Meli ya Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966, iliundwa ili ibebe mabehewa yenyewe juu ya maji. Hapo ndipo nilipoona mashine ndogo za wavuvi zikifunguliwa, nikaanza kusaidia jioni baada ya kazi. Basi nikajiona fundi. Na hilo la kujiona fundi ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Jinsi tulivyonunua

Tulikuwa watu 26, wengine wa reli, wengine jamaa wa nyumbani. Tulifanya mwethya, kila mtu akatoa shilingi 3,500, jumla 91,000. Shabaha yetu ilikuwa kupata mashine iliyotumika, ya nguvu za farasi 15, tuifunge kwenye mashua ya jamaa zetu pale Kiambere. Mimi nilitumwa pwani kuitafuta, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Nilimpata muuzaji. Aliitia mashine ndani ya pipa la maji, akavuta kamba mara mbili, ikawaka. Ililia vizuri sana, kama cherehani. Nilifurahi, nikalipa 85,000. Gari la mizigo likachukua 4,000. Nilirudi na shilingi 2,000 za chama na moyo mkubwa.

Mtunza hazina wetu ni mama mmoja ambaye hajui spana ni nini. Aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, uliifungua ukaona ndani?” Nikamjibu, “Mama, mashine nzuri hujulikana kwa mlio.” Ndugu zangu, hilo lilikuwa jibu la kiburi. Kweli ni kwamba sikufungua hata skrubu moja.

Jinsi ilivyotuangusha

Wiki ya tatu mashua ilikuwa inavuka na watu saba na magunia ya ndengu. Mimi nilikuwa ndani, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikaa karibu nami. Katikati ya maji upepo ulianza. Mzee mwenye mashua akaongeza moto ili tupite upesi. Mara tukasikia “ka-ka-ka-ka” chini ya maji, mashine ikapiga kelele kwa kasi, lakini mashua haiendi. Akipunguza, inashika kidogo. Akiongeza, inaachia. Mwishowe ikaacha kabisa kushika. Upepo ukatusukuma upande wa matete, na kule matete tulikuwa tumeona viboko asubuhi.

Tulikuwa na kafi moja tu, na jaketi za kuokoa maisha zilikuwa tatu kwa watu saba. Tulipiga maji kwa kafi na kwa ubao wa kukalia muda kama wa saa moja na nusu, tukafika kando. Hakuna aliyekufa. Mama yule hakunilaumu. Alinitazama tu, akamfunga mtoto vizuri, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Mguu huo una nini ndani

Sasa sikilizeni, maana faida ya mkutano ni kujifunza. Mashine ya mashua ina kichwa juu, ambamo petroli inawaka. Kutoka kichwani unashuka mtaimbo, yaani shafti, hadi mguuni. Mwisho wa shafti hiyo kuna gia ndogo. Gia hiyo inashika gia mbili kubwa zinazotazamana, moja mbele na moja nyuma. Mashine ikiwaka, gia zote mbili zinazunguka daima, moja huku na moja kule, lakini propela imetulia. Katikati yake, juu ya shafti ya propela (wengine pwani huiita rafadha), kuna kipande chenye meno kinachoteleza mbele na nyuma. Mimi nakiita kishikio. Ukitia gia ya mbele, kishikio kinauma gia ya mbele, na propela inazunguka. Ukitia ya nyuma, kinauma ile ya nyuma.

Ninyi wa reli mtaelewa upesi. Katika injini yetu ya dizeli kuna mota ya umeme yenye gia ndogo inayozungusha gia kubwa ya ekseli, nayo imefungiwa ndani ya sanduku lenye mafuta. Sanduku likivuja, gia zinakufa. Mguu wa mashua ni sanduku kama hilo, tofauti ni kwamba linafanya kazi likiwa limezama. Oili inataka kutoka na maji yanataka kuingia. Kinachozuia ni vipande vidogo vya mpira vinavyoitwa sili. Sili ni kitu cha bei ndogo, na gia ni kitu cha bei kubwa. Asiyebadili sili atanunua gia.

Juu ya sanduku hilo la gia kuna pampu ya maji. Ndani yake mna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Hiyo ndiyo inayopandisha maji ya kupoza kichwa. Yale maji membamba yanayotoka pembeni mashine ikiwaka ndiyo dalili kwamba pampu ni nzima. Yakikoma, zima mashine mara moja. Na usiiwashe mashine kavu hata kidogo ili kusikia mlio wake, kwa maana impela hulainishwa na maji yenyewe. Bila maji inaungua upesi.

Kujua ugonjwa kabla ya kufungua

Ikiwa mashine inapiga kelele kwa kasi na mashua haiendi, usikimbilie kulaumu gia. Katika mashine nyingi ndogo za zamani kuna pini inayokatika propela ikigonga jiwe, nayo imewekwa ili ikatike yenyewe kabla ya gia. Katika nyingine kuna mpira ndani ya propela, na mpira huo ukichakaa huteleza bila kelele. Piga mstari wa rangi kutoka kati ya propela hadi nje, kisha uendeshe. Mstari ukikatika pande mbili, mpira unateleza. Lakini ukisikia “ka-ka-ka” kama tulivyosikia sisi, kishikio kimekwisha meno. Na hilo halionekani katika pipa, kwa sababu katika pipa mashine haivuti mzigo.

Jinsi tulivyotengeneza

Kwanza, toa waya za plagi. Mtu akizungusha propela kwa mkono na mashine ikawaka, vidole vimekwenda.

Pili, simamisha mashine wima usiku kucha. Asubuhi weka karai chini, fungua skrubu ya chini kisha ya juu. Tazama kinachotoka kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutangulia. Ikiwa oili ni nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo kwa siku nyingi. Yetu ilitoka nyeupe. Halafu ipake kati ya vidole. Unga laini wa chuma si ajabu, lakini vipande vyenye ncha ni meno ya gia. Ndugu, kazi hiyo ni ya dakika 10 na bisibisi moja. Dakika hizo 10 ndizo nilizozikataa pale pwani.

Tatu, toa propela. Nyoosha pini, fungua nati, na uzipange washa kwa jinsi zilivyotoka. Nyuma ya propela tulikuta uzi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti hata umeingia ndani ya sili. Huyo ndiye mwizi aliyefungulia maji mlango. Kila mvuvi na atoe propela mara kwa mara atazame hapo.

Nne, achanisha fimbo ya gia, kisha fungua bolti zinazoshika mguu. Mashine iliyotoka baharini bolti zake zimeshikwa na chumvi. Usitie nguvu za hasira. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja usiku mmoja, pasha moto kidogo, gonga kwa nyundo ya mbao. Usichongoe kwa bisibisi katikati ya maungio, kwa maana aluminiamu hukwaruzika, na hapo maji yatapata njia nyingine.

Tano, fungua pampu. Impela yetu ilikuwa na bawa moja limekatika. Ukikuta hivyo, kitafute hicho kipande, kwa sababu kimepanda juu na kitaziba njia ya maji. Sisi tulikipata kwenye bomba. Ukirudisha impela mpya, usisahau kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikamanisha na shafti. Shafti izungushwe upande wake wa kawaida huku ukishusha kifuniko, ili mabawa yote yalale upande mmoja, na baadaye usiizungushe kinyume. Mkumbuke pia kwamba maji ya Tana yana tope jingi. Tope hula mpira kama msasa.

Sita, fungua kifuniko cha shafti ya propela. Hicho hutoka kwa pula, si kwa patasi. Ndani yake mna sili. Kabla ya kuzitoa, andika zimetazama upande gani, uzirudishe mpya vivyo hivyo na grisi mdomoni. Kisha pitisha ukucha juu ya shafti mahali sili inapokaa. Ukucha ukikwama katika mfuo, sili mpya haitadumu.

Saba, tazama gia na beringi. Kishikio chetu pembe zake zilikuwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika, na gia ya mbele vivyo hivyo. Zote mbili tulibadili, kwa maana kipya ukikifunga na kibovu kitaharibika pia. Beringi yenye alama ya kutu, tupa. Na zile washa nyembamba kama karatasi zinazokaa nyuma ya gia, usipoteze hata moja wala usizichanganye, kwa sababu ndizo zinazopima nafasi ya meno. Mimi nilizitunga kwenye waya kwa mpango, kama mama anavyotunga shanga.

Nane, baada ya kufunga yote kwa gasketi mpya, usitie oili kwanza. Funga skrubu moja, na kwenye tundu la pili unganisha pampu ya baiskeli yenye kipimo. Tia upepo kidogo, ratili 10 hivi kwa inchi, usizidishe 15. Zamisha mguu ndani ya pipa, zungusha shafti polepole, tazama mapovu. Mara ya kwanza yetu ilitoa mapovu kwenye skrubu ya chini. Nilikuwa nimerudisha washa ya zamani ili kuokoa shilingi chache! Nikanunua mpya, mapovu yakaisha.

Tisa, tia oili ya gia namba 90, si oili ya injini wala mabaki ya gari la mtu. Tia kutoka tundu la chini, si la juu, ili hewa itoke. Ikifurika juu bila mapovu, funga skrubu ya juu kwanza, kisha ya chini. Badili oili hiyo baada ya saa 10 za kazi, na baadaye kila saa 100 au miezi sita. Kila ukibadili, tazama rangi yake.

Na mwendeshaji naye ana wajibu. Gia itiwe mashine ikiwa polepole, lakini mkono uwe mmoja na imara. Mtu anayebembeleza gia, meno yanakwaruzana nusu nusu, na mtu anayetia gia mashine ikiwa kasi anayavunja. Wote wawili wanakula kishikio.

Mambo ya chama

Vipuri vyote viligharimu shilingi 21,300. Nilisimama mbele ya mwethya, nikasema wazi kwamba sikufungua mashine pale pwani, na kwamba jibu nililompa mtunza hazina lilikuwa la uongo. Nikasema nitalipa yote. Kulikuwa na maneno makali, na nilistahili. Mwenzetu mmoja alitaka tuuze mashine kwa mtu mwingine kabla hajajua, turudishe fedha zetu. Mzee mmoja akamwuliza, “Na huyo mtu mwingine, mtoto wake hazami?” Baraza likanyamaza.

Mwishowe waliamua hivi: vipuri vilipwe na wote, mimi nifanye kazi bila malipo, na niwafundishe vijana wawili kila hatua mpaka waweze kufungua na kufunga bila mimi. Tena mashua isitoke bila kafi mbili, nanga, na jaketi kwa kila kichwa, hata kama fedha ya mwezi wa kwanza itakwisha yote. Uamuzi huo uliandikwa katika kitabu. Mtunza hazina alidai risiti ya kila sili, nikampa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu siku hiyo mashine inafanya kazi. Oili ya saa 10 ilitoka safi, na vijana wale ndio walioibadili.

Ndugu zangu, sisi wafanya kazi hununua vitu vilivyotumika kwa sababu mshahara haufikii vipya. Si aibu. Baiskeli, cherehani, pampu ya shamba, mashine ya mashua, vyote ni hivyo. Lakini kitu kilichotumika kinakuja na siri ya mwenyewe wa kwanza. Nunueni kwa macho na kwa vidole, wala msinunue kwa masikio. Na mkimtuma fundi kwa fedha ya wengi, mwulizeni kama alivyouliza mama yule: “Uliifungua ukaona ndani?” Akikasirika, mtumeni mwingine.

Mama mwenye mtoto bado anavuka nasi siku za soko. Mara ya kwanza alipopanda tena, alisimama kwanza kando ya maji akaniuliza, “Leo je?” Nikamwonyesha karai la oili tuliyomwaga, safi, na kafi mbili. Akaingia, akavaa jaketi, akamvalisha na mtoto.

Yeyote anayetaka kujifunza na aje Jumamosi. Mguu mbovu wa zamani, na vile vipande vilivyokufa, nimeviweka juu ya meza ili mvishike.